Mtu wa Katikati katika Duka la Ushirika

Hotuba ya Katibu wa chama cha msingi, iliyosomwa Tinde katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Twashukuru kwa kupewa wasaa wa kusema maneno machache katika siku hii ambayo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi. Wasemaji waliotutangulia wameeleza habari za pamba, za mpunga na za choroko, na wameyataja maghala yaliyojengwa. Habari hizo ni njema, na kila mkulima aliye hapa ana haki ya kujivunia. Sisi makatibu tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo aghalabu halitajwi katika sherehe, nalo ni kazi ya mtu wa katikati katika biashara ya duka. Twamkusudia yule msimamizi ambaye juu yake yuko Meneja Mkuu na Bodi, na chini yake wako wauzaji, mtunza ghala, na wanunuzi wenyewe.

Jambo hili limetufaa kulichagua kwa sababu moja. Mkutano Mkuu ujao utaulizwa kama maduka ya ushirika yaongezwe vijijini, yauze mbegu, mbolea, dawa za mifugo, na vitu vya nyumbani. Wako wanachama wanaosema ndiyo kwa sauti kubwa. Wako wazee wanaotikisa kichwa, kwa kuwa wanayakumbuka maduka ya zamani. Sisi hatukuja kuwaamulia. Twataka tu kabla ya kuhesabu matofali na mabati, kila mtu ajiulize: ni nani atakayesimama katikati, na atapewa nini cha kufanyia kazi yake?

Kwanza yafaa tueleze kazi yenyewe, maana wengi humwona msimamizi wa duka kama mtu wa kubeba funguo tu. Yeye ndiye anayeagiza mali, naye ndiye anayeipokea na kuihesabu inapofika. Huwafundisha wauzaji jinsi ya kupima, kuandika na kusema na mnunuzi kwa adabu. Huhakikisha kwamba fedha za leo zimefika benki au katika akaunti ya simu ya chama kabla ya jua la kesho. Humwambia mjumbe wa kamati, rafiki yake wa tangu utotoni, kwamba duka halikopeshi. Tena juu ya hayo yote, hupokea agizo kutoka juu na kulifanya lieleweke chini, na hupokea neno kutoka chini na kulifikisha juu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo limo mikononi mwake.

Katika kazi hizo zote, iko moja ambayo ni rahisi kuiacha, kwa sababu hakuna anayeona mara moja kwamba imeachwa. Nayo ni hiyo ya mwisho, ya kulifikisha neno juu. Fedha zikipungua, hesabu itapiga kelele. Muuzaji akiwa mkali, wanunuzi watalalamika. Lakini msimamizi akinyamaza juu ya alichokiona na kukisikia, siku hiyo hapatakuwa na kelele yoyote, na taarifa yake itasomeka vizuri. Madhara yake huja baadaye, na huangukia mtu mwingine.

Ndugu wanachama, hatusemi haya kwa kuyasoma vitabuni. Twataka kuwaeleza kosa letu wenyewe, kwani siku ya furaha pia ni siku ya kusema kweli.

Mwaka 2019 chama chetu cha msingi kilikuwa na duka dogo la pembejeo. Muuzaji wake alikuwa mama mtu mzima ambaye sote twamwita Mayu. Mwezi wa Oktoba alitujia ofisini akasema: "Katibu, watu wanaulizia jembe la plau. Jana wamekuja watatu, leo wanne. Mvua i karibu." Alikuwa akisema juu ya kile chuma cha ncha kinachopasua ardhi, ambacho huchakaa na lazima kibadilishwe. Tulimjibu: "Vumilia, Mayu, mzigo uko njiani."

Mzigo ukafika. Ulikuwa majembe ya mkono, zaidi ya mia mbili. Tulipoitazama karatasi ya kuagizia tuliona kilichotokea: ilikuwa na mstari mmoja tu ulioandikwa "majembe", nasi tuliujaza kama ulivyojazwa mwaka uliotangulia, bila kueleza ni jembe gani. Hapo njia ilikuwa ingali wazi. Lau tungeandika barua siku ile ile, au tungepiga simu tukasema, "Tumekosea, tafadhali tusaidieni," ziko wiki tatu ambazo zingetosha kurekebisha. Hatukufanya hivyo. Tuliona haya. Tulihofu kuonekana kuwa makatibu wasiojua kujaza karatasi. Katika taarifa ya mwezi tukaandika: "Mali imepokelewa na ipo salama." Maneno hayo yalikuwa kweli, kila neno, na kwa pamoja yalikuwa uongo.

Mvua ya Novemba ilikuja. Alikuwapo mzee mmoja, miongoni mwa wale waliokianzisha chama chetu, mwenye maksai wanne na plau. Alifika dukani mara tatu. Mara ya tatu aliyaona majembe ya mkono yamepangwa hadi karibu na dari. Akamwuliza Mayu kwa upole: "Mwanangu, mimi nina ng'ombe. Haya nifanyie nini?" Mayu hakuwa na jibu, maana jibu lilikuwa kwetu. Mzee akapanda gari hadi Shinyanga mjini, akanunua kwa mfanyabiashara kwa bei aliyotajiwa, na nauli juu yake. Alipoanza kulima, jirani zake walikuwa wamekwisha panda. Mwaka ule mvua ilikatika mapema katika mashamba yetu, na waliochelewa walivuna kidogo.

Katika mkutano wa mwaka mzee huyo hakutugombeza. Alikuja mbele, akaiweka kadi yake ya uanachama juu ya meza yetu, akasema: "Duka hili ni lenu. Mimi nilidhani ni letu." Akarudi nyumbani.

Tangu siku ile tumejiuliza mara nyingi kosa lilikuwa wapi. Si katika karatasi peke yake, kwani karatasi mbaya yaweza kusahihishwa na mtu mwenye ulimi. Wala si kwa Mayu, maana yeye alisema mapema na alisema sawa. Neno lilitoka kwa mnunuzi likafika kwa muuzaji, likatoka kwa muuzaji likafika kwetu, na kwetu likafa. Sisi ndio tuliokuwa katikati.

Tulipoanza kuuliza na kusoma habari za maduka ya ushirika ya wengine, tuliona kwamba jambo hili lina historia ndefu kuliko chama chetu. Mtaturuhusu tuieleze kwa ufupi, maana yatufundisha kitu.

Duka la ushirika ambalo vyama vingi vya dunia hulihesabu kuwa mwanzo wao lilifunguliwa katika mji wa Rochdale, Uingereza, tarehe 21 Desemba 1844. Walioanzisha walikuwa watu 28, na bidhaa zao zilikuwa chache: unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa. Waliamua kuuza kwa fedha taslimu tu, kwa kipimo kamili na kitu kisichochanganywa, na faida igawiwe wanachama kwa kadiri kila mmoja alivyonunua. Walimteua William Cooper kutunza fedha na kijana Samuel Ashworth kuuza. Katika duka dogo kama lile, mwenye mali, muuzaji na mnunuzi walionana uso kwa uso. Mtu akikosa kitu, wenye duka walimwona akiondoka. Lakini duka lilipozaa maduka mengine, na mwaka 1863 vyama vilipoanzisha shirika la kununua kwa jumla, wenye mali hawakuweza tena kumwona kila anayeondoka. Hapo ndipo mtu wa katikati alipokuwa wa lazima.

Huku kwetu Usukuma ushirika ulianza kwa mizani. Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walikuwa na mashaka makubwa juu ya uzani waliopimiwa na wanunuzi, na mashaka hayo ndiyo yaliyowakusanya. Aliyekuwa mstari wa mbele, Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, alifanya kazi hapa jirani katika mgodi wa almasi wa Mwadui kabla ya kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Mwanza mwaka 1947. Kazi ya katibu wa chama cha wenye maduka ndiyo hii tunayoisema leo: kusimama kati ya wenye mali na soko, na kuandika. Kutoka hapo alijiunga na juhudi za wakulima. Mwaka 1952 kikaanzishwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililojulikana kwa herufi V.F.C.U., yeye akiwa Meneja Mkuu wake. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Twataja habari zake ili kijana karani aliye hapa leo ajue kwamba meza ya katikati si mahali pa kudharauliwa. Wakulima walikuwa wakinung'unika juu ya mizani kwa miaka mingi. Yalihitajika masikio ya kuyasikia manung'uniko hayo na mkono wa kuyaandika hadi yakawa chama.

Baada ya Uhuru nchi yetu ilitaka ushirika uingie pia katika biashara ya maduka, ambayo hadi wakati ule ilikuwa mikononi mwa wachache. Mwaka 1962 likaundwa shirika la ushirika la ugavi lililoitwa COSATA, ili liuze kwa jumla na kufungua maduka. Nia ilikuwa njema sana. Lakini maduka yalifunguliwa upesi kuliko watu walivyoweza kufundishwa. Chuo cha Ushirika cha Moshi, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Ushirika, kilikuwa ndiyo kwanza kinaanzishwa mwaka 1963. Haikupita miaka mingi, maduka yale yakapatwa na hasara, na mwaka 1967 kazi za COSATA ziliingizwa katika Shirika la Biashara la Taifa. Kamati maalumu ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilikuwa imekwisha sema wazi juu ya vyama kwa jumla: watumishi waliofunzwa walikuwa wachache mno, siasa iliingilia uteuzi wa watumishi, na wanachama hawakupewa habari za kutosha za vyama vyao.

Kisha ukaja mwaka 1976, ambao wazee wetu wanaukumbuka. Mwaka ule ulianza mpango ulioitwa Operesheni Maduka, kwamba maduka ya watu binafsi yafungwe na mahali pake yawekwe maduka ya vijiji na ya ushirika. Katika sehemu nyingi duka la zamani lilifungwa kabla ya duka jipya kuwa tayari, au duka jipya lilipata jengo, daftari na muuzaji, lakini halikupata mtu ajuaye kuagiza. Watu wakakosa chumvi na sabuni, na mpango ule ukalegezwa baada ya muda mfupi. Mwezi wa Mei mwaka ule ule vyama vikuu vya ushirika vyenyewe vilivunjwa, na havikurudi mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1982. Basi mzee anapotikisa kichwa asikiapo neno "duka la ushirika", tusimwite adui wa maendeleo. Yeye alikwenda kununua chumvi akarudi mikono mitupu, na hakuona mtu wa kumwuliza kwa nini.

Labda kijana atasema: "Hayo yalikuwa ya ushirika na ya serikali. Kampuni za kisasa zina wataalamu." Basi tuzitazame. Nakumatt, iliyoanza kama duka la magodoro mjini Nakuru, ilikua ikawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite hapa Tanzania. Mwaka 2017 rafu zake zilikuwa tupu, kwa kuwa walioiletea bidhaa walikuwa hawajalipwa, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifilisiwe. Uchumi, kampuni nyingine ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda mwezi wa Oktoba 2015. Makosa makubwa ya kampuni kama hizo, yaani madeni na kupanua matawi kupita kiasi, hufanywa juu kabisa, wala hatumlaumu msimamizi wa tawi kwa hayo. Lakini fikirini: ni nani anayeiona rafu tupu kabla ya mtu mwingine yeyote? Ni nani anayesimama mlangoni wakati mleta maziwa anapogeuza gari lake kwa kutolipwa? Ni huyo huyo wa katikati. Mahali ambapo neno lake halisikilizwi, wakubwa huupata ukweli magazetini pamoja na watu wengine.

Tena kampuni za kisasa zina mashine za kuhesabia. Nasi pia sasa twatumia kompyuta na simu, na ni msaada mkubwa. Mwuzaji akigusa kitufe, Chama Kikuu chajua kwamba mfuko wa mbolea umeuzwa Tinde saa nne asubuhi. Lakini tuelewe mpaka wa mashine. Mashine huandika kilichouzwa. Haiandiki mama aliyeingia akatafuta mbegu ya kilo moja, akakuta mifuko ya kilo kumi tu, akatoka kimya. Haiandiki mzee wa plau. Katika mashine ile siku ambayo watu saba walirudi mikono mitupu hufanana na siku ambayo hakuna aliyekuja. Hiyo ndiyo sababu mashine haijamwondolea msimamizi wa kati kazi yake. Imemwondolea kujumlisha tu, ili apate nafasi ya kutazama mlangoni na kuuliza.

Sasa tuwaeleze tulilofanya baada ya kosa letu. Mwaka 2020 tulinunua daftari la kawaida, tukalifunga kwa uzi juu ya meza ya duka, tukaliita Daftari la Waliokosa. Kila mtu akiulizia kitu kisichokuwapo, Mayu huandika tarehe, kitu kilichoulizwa, kipimo kilichotakiwa, na idadi ya watu. Majina hatuandiki. Jioni ya Ijumaa twakaa naye, twajumlisha, nasi twaandika barua ya ukurasa mmoja kwenda Chama Kikuu yenye sehemu tatu: kilichoulizwa sana, kilicholala bila kununuliwa, na kosa tulilofanya wiki ile. Sehemu hiyo ya tatu ilikuwa ngumu kuiandika mara ya kwanza. Mkono ulikuwa mzito. Lakini barua ilipojibiwa bila karipio, ya pili ikawa nyepesi.

Daftari hilo limetufundisha mambo ambayo hatukuyajua ingawa tulizaliwa hapa. Tulidhani watu hawanunui mbegu bora kwa kuwa hawazipendi. Kumbe walitaka mifuko midogo. Tulidhani mifuko isiyopitisha hewa ya kuhifadhia mahindi ni ya msimu wa mavuno peke yake. Kumbe iliulizwa hata Januari, wadudu walipoanza kuonekana ghalani. Tuliona pia kwamba siku ya gulio watu huulizia dawa ya kuogeshea mifugo, maana siku hiyo wametoka na fedha. Na karatasi ya kuagizia ilibadilishwa: sasa jembe la mkono lina mstari wake, na jembe la plau lina mstari wake. Mabadiliko hayo ni madogo, na gharama yake ilikuwa bei ya daftari. Twasikitika kwamba yalikuja mwaka mmoja baada ya kuhitajiwa.

Kutokana na hayo tuna maombi matatu, nayo twayaleta kwa heshima.

Kwanza, kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi na Meneja Mkuu. Mkimweka mtu katikati, mpeni madaraka yanayolingana na lawama mtakazomtwika. Msimamizi atakayelaumiwa kwa rafu tupu awe na ruhusa ya kuagiza kiasi fulani mwenyewe, bila kungoja kikao, na hesabu yake ikaguliwe baadaye. Tena mwulizeni habari mbaya kwa makusudi. Taarifa isiyo na tatizo hata moja kwa miezi sita yafaa iwatie wasiwasi kuliko yenye matatizo matano. Na yule anayekiri kosa mapema atendewe tofauti na yule aliyefichuliwa na mkaguzi. Wote wawili wakiadhibiwa sawasawa, wote watajifunza kunyamaza. Hatusemi wizi usamehewe. Mwizi ana sheria yake. Twasema juu ya kosa la kazi, ambalo kila afanyaye kazi hulifanya.

Pili, kwa makatibu na wasimamizi wenzetu. Tusijione wakubwa kuliko muuzaji kwa sababu sisi tuna kiti na yeye amesimama. Yeye huona watu mia kwa siku, sisi twaona karatasi. Tupite dukani kila siku, tusimame nyuma ya meza angalau saa moja, tusikilize. Neno likitufikia tusiligeuze kuwa tamu kabla ya kulipeleka juu, wala agizo likitoka juu tusilishushe chini kwa ukali ambao halikuwa nao. Na tukiambiwa jambo ambalo twajua halitafaa kijiji chetu, tuseme kabla ya kulitekeleza. Kutii na kunung'unika pembeni si uaminifu.

Tatu, kwa ndugu wanachama. Msimchague mtu wa duka kwa ukoo wake, wala kwa kuwa ni hodari wa kusema mkutanini. Mtazameni anavyohesabu na anavyosikiliza. Msimwombe mkopo wa siri, maana mkimshinda leo, kesho mmelishinda duka lenu. Mlipeni kwa haki. Vijana wetu waliosoma huelekea Kahama na Geita kwenye dhahabu, au hufungua biashara zao Katoro, na hatuwezi kuwalaumu kama hapa twawapa posho ya kubahatisha. Na mkikosa kitu, msiondoke kimya. Semeni, kiandikwe. Mwanachama anayeondoka kimya hukinyima chama kitu cha thamani kuliko fedha aliyokuja nayo.

Ndugu zetu, hapa Tinde ni njia panda. Magari yatokayo Nzega hufika hapa, mengine yakaenda Shinyanga na Mwanza, mengine yakaelekea Isaka na Kahama na nchi za jirani. Bidhaa za kila namna hupita mbele ya macho yetu mchana na usiku. Kupata mali ya kuuza si shida kubwa tena kama ilivyokuwa mwaka 1976. Shida ni kujua nani anahitaji nini, lini, na kwa kipimo gani, na habari hiyo haiji kwa lori. Huja kwa miguu, dukani, nayo hukaa pale dakika moja tu. Kama yuko mtu wa kuipokea, chama kinaishi. Kama hayuko, jengo laweza kuwa zuri na bado likawa la watu wengine.

Mtakapopiga kura juu ya maduka mapya, pigeni kwa moyo huru. Mkisema yaongezwe, basi mwanzo mmoja mmoja, kila duka lifunguliwe siku ambayo msimamizi wake amekwisha fundishwa, wala si siku ambayo rangi ya mlango imekauka. Mkisema yangoje, sisi hatutanung'unika.

Mwisho, labda mtapenda kujua habari za yule mzee. Kadi yake hatukuifuta. Imo kabatini ofisini kwetu, pamoja na hisa zake, kama alivyoiacha. Mwaka jana alipita dukani kununua chumvi ya ng'ombe. Mayu akampa chumvi yake, naye akaliona daftari limefungwa kwa uzi juu ya meza, akauliza ni la nini. Akaelezwa. Alilifungua, akasoma kurasa mbili tatu polepole, akalifunga. Kadi hakuiulizia, nasi hatukumkumbusha. Lakini kabla ya kutoka alisema: "Andika hapo, mwanangu, kwamba kamba za ng'ombe hamna."

Mayu aliandika. Ijumaa ile sisi tukalipeleka neno lake juu, na sasa kamba zipo.